Nilidhani Spika Imechanika

Hotuba niliyoitoa mbele ya vijana wa muziki, Kisumu. Nimeiandika baadaye nikifuata karatasi niliyokuwa nayo mkononi, pamoja na yale niliyoyaongeza nikiwa nimesimama.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu, wazee wangu mlioketi mbele, na nyinyi vijana mliojaa mpaka mlangoni: amosou. Hamjambo?

Nimeitwa hapa nikiwa fundi wa mitambo ya sauti. Gitaa sijui kulipiga. Ninachojua ni kufunga spika, kuvuta waya, kuzuia maiki ya mhubiri isipige mluzi, na kuhakikisha kwamba mama aliyeketi nyuma kabisa ya hema la matanga anasikia jina la marehemu likisomwa. Kazi hiyo nimeifanya Kisumu, Ahero, Bondo, Siaya, hadi Mbale na Kakamega. Kwa hiyo leo nikiongea sana juu ya spika, mnivumilie. Ndiyo njia niliyopitia kufika kwenye muziki ninaotaka kuwaambia habari zake.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kibanda changu kiko nyuma ya soko la Kibuye, na jirani yangu ni fundi wa kuchomea vyuma. Tulikuwa tumemaliza kutengeneza spika mbili kubwa za inchi kumi na tano, tumezitia koni mpya, ile karatasi ya mbele inayotikisika kutoa sauti, na koili mpya, ule waya uliozungushwa nyuma yake, na jioni zilikuwa zinangojewa kwenye matanga upande wa Ahero. Nikatoka kwenda kunywa chai. Kijana ninayemfundisha kazi akachomeka simu yake ili azijaribu.

Nikiwa kwenye benchi la mama chai nikasikia mlio. Ulikuwa kama bati linaloburutwa juu ya lami, na chini yake kitu kinadunda mbio, haraka kuliko ngoma yoyote niliyowahi kuipitisha kwenye mitambo yangu, na juu ya yote hayo mtu anapiga ukunga. Nikaacha chai. Nikaingia, nikachomoa waya ukutani.

"Umechana koni!" nikamwambia.

"La, Jaduong'," akasema. "Ndivyo wimbo ulivyo."

Sikumwamini. Nilichukua bisibisi nikafungua skrubu zote nane, nikaitoa spika, nikaisukuma koni kwa vidole polepole ili nisikie kama koili inakwaruza. Haikukwaruza. Nikapima kwa mita. Ikaonyesha ohm sita na kitu, kama inavyotakiwa kwa spika ya ohm nane. Nikaifungua ya pili. Nzima. Nikageukia amplifaya, nikakagua nyaya zote. Kila kitu kilikuwa kizima, na kijana wangu amesimama pale mikono nyuma, kwa heshima, anasubiri nimalize.

Nikarudishia skrubu. Nikamwambia, "Cheza tena. Kutoka mwanzo." Nikavuta kreti ya soda, nikakaa.

Kundi lenyewe linaitwa Duma. Ni watu wawili wa Nairobi: Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, ndiye sauti, Sam Karugu ndiye gitaa na mashine. Wote wawili walikuwa wamepitia bendi za metali, ule muziki mzito wa gitaa na ukunga, za Nairobi kabla ya hapo, kwa maana Nairobi ina wapenzi wa metali tangu zamani, watu wachache wenye imani kubwa. Lakini katika Duma hakuna mtu aliyeketi nyuma ya ngoma. Ngoma zote ni za mashine. Gitaa limepitishwa ndani ya kompyuta mpaka huwezi tena kusema hapa limeishia gitaa na hapa umeanza umeme.

Na hilo jina. Sisi tunaozungumza Kiswahili tukisikia duma tunamwona yule mnyama mwembamba mwenye machozi meusi usoni, anayekimbia kuliko wote. Wiki nzima niliusikiliza muziki ule kwa sikio hilo, nikaona unalingana, kwa kasi ile. Baadaye nikaelezwa kwamba wao wamelichukua neno kwa Kikuyu, na huko maana yake ni giza. Nikausikiliza upya. Nawaambia kweli, zilikuwa nyimbo nyingine. Palepale nilipokuwa nikisikia miguu inakimbia, sasa nilisikia nyumba isiyo na taa na mtu ndani yake anapapasa ukuta. Mpaka leo nasikia yote mawili, na sitaki kuchagua.

Sasa niwaeleze kwa nini jambo hili lilinigusa mimi hasa, mtu wa umri wangu.

Sauti ikiwa ndani ya waya ni kama wimbi la ziwa hapo Dunga: inapanda, inazunguka, inashuka. Kila amplifaya ina kikomo chake. Ukiisukuma kupita hapo, kilele cha wimbi hakina pa kwenda, kinakatwa, kinabaki bapa kama meza. Wimbi lililokatwa kichwa huzaa sauti nyingine nyingi za juu ambazo hazikuwemo mwanzoni, na sikio linazisikia kama mkwaruzo. Hizo ndizo zinazounguza twita zenu, zile spika ndogo za sauti za juu, kwenye harusi wakati DJ anapandisha kila kitu mpaka mwisho. Mimi kazi yangu yote imekuwa kupigana na mkwaruzo huo. Nimelipwa ili usitokee. Nimegombezwa ulipotokea. Nilikuwa nimeamini kabisa kwamba mkwaruzo ni ugonjwa, na fundi ni daktari wake.

Na hapa walikuwa vijana wawili wamejenga nyumba nzima kwa mkwaruzo. Na nyumba imesimama wima! Niliposikiliza mara ya nne, ya tano, nilianza kusikia vyumba. Kuna mkwaruzo wa chini, mzito, unaokaa kama mngurumo wa jenereta nyuma ya hema. Kuna wa katikati, wenye meno. Kuna wa juu kabisa, mwembamba, unaokuja na kuondoka. Hakuna hata mmoja uliomkanyaga mwenzake. Nyinyi mnaochanganya sauti mnajua ilivyo vigumu kupanga vyombo vinne vya kawaida visigombane. Kupanga mikwaruzo, kila mmoja na kiti chake, kunahitaji sikio ambalo mimi sikuwa nalo.

Nikaanza kuuliza na kusoma. Nikakuta kwamba mkwaruzo una historia ndefu. London, mwaka 1964, kijana mmoja wa kundi la Kinks, Dave Davies, alichukua wembe akaichana koni ya spika ya amplifaya yake ndogo kwa makusudi, kwa kuwa alichoshwa na sauti safi. Mlio uliotoka pale uliingia kwenye wimbo uliofika namba moja Uingereza. Basi lile nililolidhani siku ile, kwamba koni imechanika, halikuwa jambo la kipuuzi hata kidogo. Ndipo muziki huu ulipozaliwa, kwenye koni iliyochanwa. Mimi nilichelewa tu kupata habari.

Mwaka uliofuata, Birmingham, kijana anayeitwa Tony Iommi alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mabati. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo huo wa kulia ndio anaobania nyuzi. Mtu mwingine angeuza gitaa. Yeye aliyeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivika ngozi. Baadaye, ili nyuzi zisimuumize, akazilegeza. Nyuzi zikilegea sauti inashuka, inakuwa nzito, na uzito huo ndio ulioibeba Black Sabbath, ambao albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1970. Hadithi hii niliisimulia kwa mafundi wa jua kali pale Kibuye, watu wanaokata mabati kila siku ya Mungu. Ajali haikuwashangaza. Walichotaka kujua ni plastiki ya aina gani, na iliyeyushwa kwa moto wa namna gani.

Upande wa mashine nitaupita haraka, kwa sababu nyinyi mna intaneti na mtayapata wenyewe. Birmingham hiyohiyo ilitoa Godflesh, waliotumia mashine ya ngoma mahali pa mpiga ngoma. Marekani kulikuwa na Ministry wa Chicago, na Nine Inch Nails ya Trent Reznor, iliyotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1989. Ujerumani, Rammstein walianza mwaka 1994. Watafuteni hao, halafu rudini kwa Duma, muone jinsi hawa wa kwetu wanavyokimbia kwa kasi nyingine kabisa.

Kasi hiyo ina ujirani wake. Kampuni iliyotoa albamu ya Duma, Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ndiyo pia iliyotoa singeli ya Dar es Salaam, muziki unaopita mapigo 200 kwa dakika. Albamu ya Duma ilirekodiwa Kampala mwaka 2019 na ikatoka Agosti 2020. Mnakumbuka Agosti 2020 tulikuwa wapi. Tulikuwa na kafyu. Matanga yalikuwa na watu wachache wamekaa mbalimbali, na spika zangu zilifunikwa gunia, zinakusanya vumbi. Wakati huohuo muziki huu ulikuwa umeshatoka, upo, na magazeti ya muziki ya Ulaya na Marekani yanauandika. Mimi niliusikia baadaye sana, kwa bahati, kupitia simu ya kijana ambaye naye aliupewa na rafiki yake aliyekuwa akisoma Kampala.

Jambo hili linaniuma, na naomba mniruhusu niliseme. Ukipanda basi hapa jioni, unapita Busia usiku, asubuhi uko Kampala. Tamasha la watu hao hao wa Nyege Nyege lilianza mwaka 2015 pale Jinja, mahali ambapo maji ya ziwa letu hili yanatoka na kuwa mto Nile. Maji yetu yanafika kule kila siku. Sisi tuko kwenye mdomo wa njia, katikati ya Nairobi walikotoka vijana na Kampala walikorekodi, na habari zao zikatupita juu ya vichwa, zikasikika Ulaya kabla hazijasikika hapa Kondele. Sisemi ni kosa la mtu. Najiuliza tu ni mangapi mengine yanapita.

Nirudi kibandani. Yule jirani yangu wa kuchomea vyuma alikuja siku ile, miwani ya kazi bado ipo kwenye paji la uso. Akasimama mlangoni. Akauliza nani amerekodi grainda yake. Hakuwa anatania, alidhani kweli kijana wangu amechukua mlio wa karakana yake akautia kwenye simu. Tukamwambia ni gitaa na kompyuta. Akakaa. Akasikiliza nyimbo tatu, akiwa ameinamisha kichwa, mtu ambaye kwa kawaida hana dakika ya kupoteza. Kisha akasema, "Huyu anayeimba amechoka kama mimi." Akarudi kazini kwake. Nimewasoma waandishi wa magazeti walioandika kuhusu Duma, na hakuna aliyeniambia zaidi ya hilo.

Najua hapa wapo watakaosema huu si muziki wetu. Wazee wangu, naomba tuitazame nyatiti, kinubi chetu cha Wajaluo. Mpiga nyatiti huketi kwenye kigoda, chombo amekiegemeza, nyuzi nane mbele ya vidole vyake. Kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia amevaa pete ya chuma, oduong'o, na kwa pete hiyo anagonga mbao ya nyatiti yenyewe. Kifundoni kuna gara, yaani njuga. Mtu mmoja ana nyuzi juu na chuma chini, na chuma ndicho kinachoendesha mwendo. Nyuzi zenyewe siku hizi ni nailoni ya wavuvi. Nilipomsoma Iommi na vidole vyake vya plastiki, picha iliyonijia ilikuwa ile pete ya mguuni. Watu wa mbali kabisa na sisi, wamejivika vitu vya kigeni vidoleni ili chombo kitoe sauti ambayo mwili peke yake hauwezi.

Benga nayo, muziki wetu wa dansi, mnajua, ni gitaa lililojifunza kudonoa kama nyatiti. Na ohangla, muziki wetu wa ngoma, ilipoingiza kinanda cha umeme chenye ngoma zake ndani, nani alikuwa akifunga spika? Ni mimi. Nilisikia manung'uniko yote. Walisema ngoma imekufa. Leo ohangla bila kinanda kwenye harusi ya Kondele mtauliza mpiga kinanda amekwama wapi. Chuma na uzi vimeishi pamoja kwetu miaka mingi, na umeme ulipofika ulikaribishwa ukapewa kiti. Duma wamekaa kwenye kiti hicho hicho, ila wamekisogeza mpaka ukingoni.

Niseme pia habari ya shetani, kwa sababu najua swali linakuja. Mimi ni mtu wa kanisa. Kila Jumapili mitambo yangu inabeba kwaya. Katika albamu ya Duma kuna wimbo wenye ile namba ya mnyama kwenye jina lake, na maneno mengine humo ni ya giza, kama kundi lenyewe lilivyojiita. Sitawadanganya kwamba ni nyimbo za watoto, na mimi wangu wadogo siwachezei. Lakini nimezisikiliza kwa utulivu, na ninachokisikia humo ni uchungu unaosemwa kwa sauti. Nimefunga spika kwenye matanga mengi sana. Nimesikia mama akipiga ukunga jeneza linaposhuka, na sauti ile inapofika kwenye maiki, sindano inaruka mpaka mwisho, mkwaruzo unatoka, na mimi sijawahi hata siku moja kumpunguza. Mkono unakataa. Siku ile kwenye kreti ya soda nilielewa kwa nini unakataa.

Na sauti ile ya kunguruma, nyinyi waimbaji, msidhani ni kelele ovyo. Wanaoijua hutumia pumzi ya tumboni na mikunjo ya koo iliyo juu kidogo ya nyuzi za sauti, ndiyo maana wanaweza kuimba hivyo saa nzima na kesho yake wakaongea. Ukijaribu kwa nguvu bila kufundishwa utaamka umepoteza sauti. Jifunzeni kwanza.

Lord Spikeheart sasa anafanya kazi peke yake. Mwaka 2024 alitoa albamu yake ya kwanza ya namna hiyo, The Adept, kwa lebo aliyoianzisha mwenyewe, Haekalu. Albamu hiyo ameiweka wakfu kwa Muthoni wa Kirima, ambaye ni bibi yake katika ukoo. Wazee wanamjua: jemadari wa Mau Mau, mwanamke aliyeingia msituni akapigana, akafuga nywele zake tangu vita mpaka zilipokatwa mwaka 2022. Alifariki mwaka uliofuata. Nikiujua ukoo huo, na nikausikiliza ukunga ule tena, siusikii kama kitu kilichoazimwa Birmingham.

Vijana, mashine ya ngoma iko kwenye simu mliyoishika. Gitaa bovu liko kwa mjomba wa mtu. Chombo cha kuharibu sauti kwa ustadi mnacho tayari. Karakana nzima ya Kibuye inawapigia kila siku kuanzia saa mbili asubuhi. Mkirekodi kitu, nileteeni kabla hamjakipeleka mbali. Nitakichezea kwenye spika kubwa, na nitawaambia ni mkwaruzo upi umekaa vizuri na upi umemkanyaga mwenzake. Malipo sitaki. Kijana wangu wa kazi ameanza kutengeneza kitu chake, nyatiti ya babu yake ameitia maiki ndogo ndani ya ngozi na kuipitisha kwenye kompyuta. Bado hakijaiva. Lakini wiki iliyopita nilikuwa nje, nikasikia kitu, na nilikuwa nimeshashika bisibisi mkononi nilipokumbuka.

Sasa naomba mnizimie taa za mbele. Mzee wangu hapo mstari wa kwanza, ukiona ni nyingi, sogea kiti kimoja pembeni, usiondoke. Wimbo ni wa dakika chache tu. Spika hizi mbili ni nzima. Nimezifungua na kuzipima mwenyewe asubuhi ya leo.